Mgeni Ale Kwanza

Jumanne

Siamini! Miaka yote binti yangu Neema ananilaumu, kwa Kiingereza chake, kwamba namwaibisha: rafiki zake wakija nawapakulia chakula kabla hata ya kuwauliza majina.

Leo karudi kutoka shule anahema. Kumbe Wagiriki wa kale walikuwa hivyohivyo, mgeni ale kwanza, maswali baadaye! "Mama, wewe ni Mgiriki kabisa!"

Nimefurahi mno, ila imeniuma. Bibi yake wa Moshi, aliyenifundisha hayo, hakutosha, mpaka Wagiriki?

Jioni mama mmoja, mgeni hapa Flemingdon, mtaa wetu wa ughaibuni, akagonga mlango. Kakosea ghorofa, mtoto mgongoni. Kabla sijainuka, Neema keshamvutia kiti.

"Karibu, kaa ule kwanza."

Kwa Kiswahili! Tena kwa mtu asiyekijua.

Amekula pilau, amecheka, ameondoka. Na sote wawili tumesahau kumuuliza jina.