Asali ya Wakwe na Tangi la Eliana

Singida Mjini,
14 Agosti 2001

Dada yangu mpendwa Febronia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha Eliana, karatasi nimeiegemeza kwenye goti, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima ujue ni goti, si kwamba naumwa. Mimi ni mzima kabisa. Mawazo yangu yako kwenu. Shemeji Ezekieli anaendeleaje na mguu? Mwamkie sana, umwambie asipande tena kwenye mizinga mpaka mguu utulie, asali haikimbii. Bwana harusi wetu Antipasi hajambo? Mwambie mama mdogo anasema asikonde bure, Happiness hajaenda popote, yuko kwao Mungaa anamngoja. Joseph anasoma, au bado anashinda porini kutega kanga? Na mzee Mazengo hapo jirani, kile kifua kimepoa? Mpe pole. Hata yule mbwa wenu mwenye sikio moja nimemkumbuka.

Huku Eliana hajambo, anasema shikamoo mama mkubwa. Baba Eliana nimemwacha Itigi na kuku. Ameniletea barua kwa mkono wa kondakta anauliza chumvi iko wapi, na chumvi iko pale pale inapokaa miaka yote tangu anioe.

Mzigo wako niliupokea vizuri kwa Idrissa wa lori, madebe yote mawili, nta imezunguka vifuniko na dole gumba lako limekaa katikati, limechapika vizuri sana. Niliyabana kwa miguu ndani ya basi mpaka Singida, nikayaweka chini ya kitanda hiki, yakingoja siku ya kwenda nayo Mungaa kwa wakwe. Habari za asali nitazisema huko mbele. Kwanza nikueleze za mtoto, dada, maana zimenijaa kifuani.

Unakumbuka ile karakana alikoajiriwa Eliana. Ilikuwa ya serikali, ikauzwa kama vinavyouzwa vitu vyote siku hizi, akainunua bwana mmoja anaitwa Bonaventura. Wafanyakazi wengi walipunguzwa. Kitengo cha bati kimebaki na mainjinia wawili tu, Eliana na mwenzake Damiani, mtu mzima, mvi zimemjaa, amechora pale tangu karakana inafunguliwa. Basi mwaka huu Bonaventura ameleta kompyuta. Nilidhani ni ya kuandikia barua. Kumbe ina kazi ndani yake ya kuchora vitu vya bati vikiwa vizima.

Nikueleze nilivyoona kwa macho yangu, maana nilikuwa nawapelekea chakula cha mchana, ugali wa mtama na mlenda, na Damiani alikuwa hali mpaka aone kama nimeleta na pilipili. Zamani Damiani alichora tangi mara tatu kwenye karatasi, mbele, ubavuni na juu, halafu mafundi wakae wabunie likikunjwa litakuwaje. Walikata maboksi ya sabuni wakayakunja kwanza kujaribu. Akikosea anakwangua wino kwa wembe, na huo wembe anao mpaka leo mfukoni mwa shati. Sasa Eliana analitengeneza tangi la asali ndani ya kioo, lina unene wake, lina mdomo wake, lina koki. Analigeuza unaliona mpaka chini ya matako. Halafu dada, akibonyeza mahali, tangi linakunjuka lenyewe, kuta zinaanguka huku na huku, linalala chini bapa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa. Hapo ndipo unajua bati ulikate wapi. Akibonyeza tena linasimama. Nilimwomba arudie mpaka chakula kikapoa.

Siku moja Bonaventura alisema koki iko chini mno, takataka za asali zitatoka nayo. Nikaona huruma, nikajua mtoto atakesha anachora upya. Eliana akabadilisha namba moja tu, koki ikapanda, na michoro yote ikabadilika yenyewe. Damiani alisimama nyuma yake akiangalia. Halafu akasema kwa ule uchoraji wake hiyo namba moja ingemmalizia wiki na nyembe mbili.

Usidhani alianza hivyo. Mwanzoni alikuwa anamchokoza Eliana kila asubuhi, anamuuliza leo binti amekunja mabati mangapi bila kutoka jasho. Na umeme nao ukawatesa. Mara ya kwanza ulikatika Eliana akiwa amechora tangu asubuhi, kila kitu kikapotea, akalia kweli. Wakaniambia kumbe unatakiwa kuhifadhi kila baada ya muda. Tangu hapo siingii mle ndani bila kuwauliza kama wamehifadhi. Damiani anasema hiyo ndiyo hodi yangu.

Ila roho yangu haikutulia hata siku moja, na sababu ni hii. Bonaventura aliwaambia wazi kwamba kompyuta amekopea benki. Chama cha wafugaji nyuki kule Manyoni kinataka matangi ya kutulizia asali ili uchafu ujitenge, mengi, na viongozi wao wangekuja kuliona la kwanza. Wakilipenda, kitengo cha bati kinaendelea. Wakilikataa anauza kompyuta, anabaki na kuchomelea mageti na nondo za madirisha, kazi isiyohitaji injinia, na Eliana na Damiani wanarudi nyumbani. Wewe unajua mtoto huyu alivyosoma, dada. Unajua tulivyouza yule ng'ombe mwekundu.

Basi wakakata tangi la kwanza kama kompyuta ilivyosema, wakalikunja, wakalichomelea. Kifuniko hakikuingia. Kimekaa juu kinacheza. Damiani akanigeukia akaniambia, Mama Eliana, tangi letu limevaa kofia ya mtoto. Mafundi wakacheka mpaka wakakaa chini. Eliana hakucheka, na mimi nikaishika ile sinia ya chakula nikasahau kuiweka.

Jioni akanieleza, naye anaeleza vizuri. Anasema bati halikunjiki kama karatasi. Pale kwenye kona linavutika kidogo, na lazima ujue linavutika kiasi gani ndipo ukate. Kompyuta ilikuja na vipimo vya mashine mpya za huko ilikotoka, zenye mdomo mkali. Mashine ya kukunjia ya hapa ni ile ile ya serikali, mdomo umelika kwa miaka, kona inatoka mviringo. Kompyuta haikujua, na wao hawakuiambia. Kosa halikuwa la mtu mmoja, waliiamini tu kama tunavyoamini redio.

Na hapa ndipo nilipompenda yule mzee. Alipomaliza kucheka alivua koti, akamwambia Eliana walete vipande vya bati waviulize wenyewe. Wakakunja vipande, huyu anapima, yule anaandika, wakaingiza vipimo vya mashine yao ndani ya kompyuta. Tangi la pili, dada, kifuniko kimeshuka taratibu kikakaa, kikatoa pumzi kama mtu aliyefika nyumbani. Nilipiga kigelegele pale pale katikati ya vyuma. Wakalijaza maji, halikutoa hata tone. Siku hizi Damiani ndiye hatoki kwenye kiti cha kompyuta. Eliana anamwambia babu tupishane, naye anajibu anahifadhi kwanza.

Sasa nifike kwenye lile nililokuwa nalikwepa.

Siku ya wageni ilikuwa Ijumaa. Wafugaji walikuwa wametuma neno kwamba maji hawayataki, maji hupita popote, wao wanataka kuona asali ikitoka kwenye koki na isibaki kwenye kona. Bonaventura akanunua asali sokoni. Asubuhi tunafungua, imeganda. Unajua baridi la mwezi huu lilivyo. Imeganda kama mafuta ya ng'ombe, kijiko kimesimama. Eliana akataka kuipasha, Damiani akasema ikinuka moshi wafugaji watajua tangu mlangoni. Na wageni walikuwa wameshafika, wanakunywa chai kwa Bonaventura ofisini. Mwanangu akaniangalia, dada. Hakuniomba kitu. Hakuwa hata anakumbuka. Aliniangalia tu jinsi alivyokuwa akiniangalia alipokuwa na homa utotoni.

Mimi nilikumbuka. Kila usiku nikisogeza yale madebe yako nisikie kama yako salama, nilikuwa naisikia asali ya Rungwa inahama ndani, laini, haijaganda hata kidogo. Nikatoka bila kuaga, nikachukua mkokoteni wa jirani, nikayaleta. Na hapo mbele ya tangi nikachukua kisu nikaikata nta yako.

Najua, dada. Najua mama alivyotulea. Asali ya wakwe inafungwa na mama wa bwana harusi kwa dole lake, na mkono unaoifungua ni wa mama wa binti, na katikati hapo haifunguliwi na mtu yeyote, hata nyumba iungue. Mimi ndiye uliyeniamini katikati hapo.

Ilimwagika ndani ya tangi inang'aa, karakana nzima ikanuka maua. Wakaita wageni. Eliana akafungua koki mwenyewe, asali ikashuka uzi mmoja usiokatika. Ilipokwisha kutoka yote, mwenyekiti wao akaingiza mkono kwenye kona za ndani akapitisha kidole, akakiangalia, akakilamba. Akauliza asali ni ya wapi. Nikasema ni ya dada yangu, Rungwa. Akasema tangi amelikubali. Dada, Damiani aliutoa ule wembe mfukoni akautupa kwenye pipa la mabati chakavu, kisha baada ya dakika akaenda akauokota, akasema ni wa kunyolea. Eliana alinikumbatia mbele za watu na ovaroli lake la mafuta. Kazi wanayo. Kitengo kinaendelea, na Bonaventura anatafuta mashine mpya ya kukunjia.

Asali yako imerudi kwenye madebe, imepungua kidogo tu, ile iliyolambwa. Na imekuwa safi kuliko ilivyokuja, vipande vya nta na miguu ya nyuki vimeelea juu tukavitoa. Hilo nalo linanitia hofu, maana wakwe wataona imekaa kama ya dukani.

Ile nta niliyoikata nimeitunza kwenye kitambaa. Juzi niliiyeyusha kidogo kwenye kikombe, nikaipaka kuzunguka kifuniko, nikainua dole langu. Madole yetu yanafanana, alikuwa anasema mama, mapana kwa juu. Eliana akasema nani atajua. Nikalirudisha bila kugusa nta. Sikuweza, dada. Harusi ya Antipasi isianze kwa dole la uongo. Madebe yako wazi, nimeyafunika kwa kitambaa kisafi tu, na kila nikilala najua yako wazi.

Nisikufiche na hili. Nimejaribu kujuta nimeshindwa. Nakuomba msamaha kwa moyo wote, lakini ukiniuliza kama ningeirudisha ile asubuhi nisikate, nitanyamaza.

Nisalimie wote niliowataja na nisiowataja. Eliana anasema tangi dogo la mabaki ya bati analiweka kando kwa ajili yako, na amenicheka kwamba hata hilo amelihifadhi.

Wakwe wa Mungaa wanatungoja Jumamosi ya wiki ijayo, na Idrissa anageuza lori Rungwa Alhamisi alfajiri. Kama una nafasi, panda naye uje uifunge mwenyewe kwa dole lako, utalala hapa kitandani na mimi. Kama huwezi, niandikie kwa mkono wako kwamba niweke langu kwa niaba yako, na mimi nitamwambia mama yake Happiness kila kitu kabla hajaifungua. Na kama una hasira, niandikie hasira, nitaisoma. Ila usininyamazie, dada. Jibu hata kwa mistari miwili, umpe Idrissa mkononi, asiondoke bila neno lako.

Mdogo wako,
Felista, Mama Eliana