Makofi kwa Kila Modeli Iliyovunjwa

Dodoma, Jumatatu

Dada Angelina,

Shikamoo. Karanga ulizotuma kutoka Kibaigwa zilifika, na wenzangu wamezimaliza. Natumaini mtoto ameacha kukohoa.

Uliniuliza tunafundishwaje usanifu majengo. Tunajenga modeli za kadibodi, tunazipanga mezani, kisha mhadhiri wetu anapita akizivunja kwa ngumi. Eti msanifu lazima akomazwe. Kila modeli ikivunjwa, darasa zima sharti lipige makofi. Mwaka wa tatu sasa tunapiga tu.

Ijumaa ilikuwa zamu yangu. Nililijenga tembe la marehemu mama, ile nyumba yake ya paa bapa, kwa udongo niliouchota pale pale kwetu Bahi. Yule bwana hata ngumi hakutumia. Alilikanyaga kwa kiatu, akasema, "Kichuguu hiki." Wakapiga makofi. Kisu cha kukatia kadibodi kilikuwa bado mkononi mwangu.

Usimwambie baba. Madaktari wanasema jicho lake moja huenda likanusurika. Hapa mahabusu sijapigwa, na askari mmoja, Mgogo mwenzetu, ndiye aliyenipa karatasi hii.

Kinachoninyima usingizi ni kimoja tu, dada. Yule bwana alipoanguka, damu yake ikalowesha ule udongo wa mama, nyuma yangu darasa zima likapiga makofi.

Mdogo wako,
Loisi