Ukurasa wa Mwisho wa Shakila Barlas

Jumamosi, 9 Novemba 1974

Mhariri kanituma kwa Shakila Barlas. Riwaya ya tano, baada ya kimya cha miaka kumi na miwili. Uzinduzi Alhamisi, hapa hapa Lahore. Nimeripoti uzinduzi arobaini na kitu. Hubadilika majina tu, sambusa ni zile zile.

Nilimkuta ameshika nakala mpya, kaifungua mwishoni. Hata kiti hakunipa.

“Soma.”

Nikasoma. Mehru, mke aliyevumilia kurasa mia tatu, anarudi kwa mumewe, anamwomba radhi, anamtengea chai. Nikasema si mbaya.

“Si mbaya? Sikuuandika mimi!”

Katika mswada wa Bibi Shakila, Mehru anafunga mlango kwa nje, mume yumo ndani amelala, anatia ufunguo mkobani, anakwenda stesheni. Bibi ana miaka sabini na mmoja. Anasema kitabu kizima alikiandika kwa ajili ya ufunguo huo. Kingine hatakuwa nacho.

Jumapili, 10 Novemba

Kwa Mzee Fazal Karim, mwandishi wa hati. Kila ukurasa wa kitabu hupita mkononi mwake: yeye huandika kwa kalamu ya mwanzi, mashine inachapa alichoandika. Miaka arobaini kwenye kichochoro kile kile.

Hakukana kwamba mwisho kaubadili yeye. Hata kidogo!

“Mwanangu, mkono huu umeandika misahafu. Leo uandike mke anamfungia mume ndani kama kuku?”

Ungemwambia Bibi mwenyewe, nikasema.

“Angekasirika. Na binti yangu husoma kila ninachoandika. Tena mwisho wangu ni mfupi zaidi.”

Jumatatu, 11 Novemba

Mchapishaji anasema nakala elfu zimeshafungwa. Ukurasa mpya unaweza kubandikwa — Bibi akipata mkono wa kuuandika.

Nikazunguka kichochoro kizima kutafuta mwandishi wa hati mwingine. Mmoja macho yanamuuma. Wa pili kidole. Wa tatu kafiwa na shangazi, yule yule aliyekufa mwaka jana.

Jumatano, 13 Novemba

Profesa Gardezi, mgeni rasmi, katuletea gazetini hotuba yake mapema ili tusikosee kuichapa. Kurasa kumi na moja. Tatu ni kuhusu ukurasa wa mwisho: mwandishi hatimaye amekomaa, ameelewa mwanamke ni nini.

Nikamsomea Bibi kwenye simu. Akacheka, kicheko kibaya. Akauliza kama Mzee Fazal kaalikwa. Hapana, waandishi wa hati hawaalikwi.

“Basi mwaliko mpelekee wewe.”

Nikapeleka. Mzee kafurahi, kauliza kama watu watavaa vizuri.

Alhamisi, 14 Novemba

Ukumbini, alasiri. Naandikia gotini, mstari wa mbele. Profesa kamaliza. Alipofika kwenye chai ya Mehru wanaume walipiga makofi, mmoja kafuta machozi. Bibi kasimama.

“Profesa kausifu sana ukurasa usio wangu. Mwenyewe yule pale nyuma. Mzee Fazal, njoo uvae shada lako!”

Profesa kapaliwa na chai. Dakika haijaisha, anamnong’oneza jirani kwamba alishuku tangu mwanzo.

Mzee kapanda, kavikwa shada. Anatabasamu! Bibi kamkabidhi mswada. “Mkono ulikataa. Mdomo je?”

Kavaa miwani, kaanza. Na anasoma vizuri, mzee huyu — sauti ya chini, hakimbii. Ukumbi mzima unaguna kwa raha. Binti yake, aliyekuja naye, kasimama upande wa wanawake ili asikie. Mume anakoroma. Mehru yuko mlangoni, ufunguo mkononi.

Mzee kanyamaza.

“Soma, mzee!” — kutoka nyuma.

“Mfungie, Mehru!” — wanawake. Sasa wengi. “Mfungie!”

Anautazama ukurasa. Anapapasa mifuko, wa kulia, wa kushoto. Hakuna kitu. Anainama ukingoni mwa jukwaa, ananinyooshea mkono: anataka kalamu yangu. Hii hii ninayoandikia. Hasemi ya nini.

Profesa anasema nimpe, nimheshimu mtu mzima. Binti wa mzee anapiga kelele nisimpe.

Habari inatakiwa gazetini saa moja jioni. Kalamu nyingine sina.

Bibi Shakila ananitazama mimi —