Matope ya Kumpaka Wafula

Kaka yangu Barasa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Uingereza, kwenye baridi ambayo hata mwezi wa sita haitaki kwenda kwao. Goti la Mama linaendeleaje? Bado anakataa kutumia fimbo? Na mahindi yametoka vizuri, ama viwavi wamerudi tena? Mimi mwili ni mzima, nakula na nalala. Kichwa ndicho hakijatulia, na wewe ndiye uliyekivuruga na swali lako.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi za simu. Nimempa kijana mmoja wa Kapsokwony ambaye tunafanya kazi pamoja, anarudi kwa likizo, atakuachia hapo Kitale. Simu imenishinda. Kila nikikupigia, Mama yuko kando na spika imefunguliwa, na kabla sijamaliza sentensi ameshanijibu kwa niaba yako. Jambo hili la mwanangu nataka ulisome peke yako kwanza, kisha umwambie Mama yale yatakayomfaa.

Nianze na ile picha uliyonitumia. Nilikuuliza, "Hili ni shamba la nani?" na wewe ukacheka sana. Kaka, sikuwa nafanya mzaha. Niliona kijani kibichi kutoka ukingo hadi ukingo, na ng'ombe wa jirani amesimama katikati, majani yanamfika magotini. Kumbe ni bwawa letu! Bwawa ambalo baba, alipohama Bumula akaja kununua shamba hapo Kitale, alilikuta limechimbwa na mzungu aliyekuwa akifuga, na sisi tukakatazwa kusogea katikati kwa sababu lilikuwa na kina cha kumeza mtu mzima. Leo unaniambia matete yamekula nusu, pembeni watu wamepanda nduma na sukuma wiki, na maji yaliyobaki yana utando wa kijani unaonuka kama yai viza. Unasema wanaoingia kukata matete wanatoka wakijikuna miguu. Halafu mwisho wa ujumbe, kana kwamba unauliza bei ya mahindi: "Agosti Wafula tumpake matope ya hapa, ama tumpeleke Bumula? Amua wewe, baba ni wewe."

Ungeniuliza kabla sijaja huku, ningekujibu papo hapo. Mimi na wewe tulipakwa matope ya bwawa hilo, kila mmoja kwa mwaka wake, alfajiri ya kutahiriwa, tukapanda mpaka nyumbani tukiwa uchi na baridi ya asubuhi, tukasimama wima mbele ya watu, na hakuna aliyepepesa jicho. Lakini kazi yangu huku, ambayo nimekueleza nusunusu, ni ya matope. Nilidhani nimeajiriwa kuendesha mashua kwenye bwawa la maji ya kunywa ya mji. Kumbe mashua ni ya kuwabeba watafiti, na watafiti wamefuata matope. Wanateremsha bomba refu mpaka chini kabisa, na likivutwa linatoka limejaa tope lililoshikana, wanalikata vipande kama mkate. Tope la juu ni la juzi. La chini ni la wakati wa babu zao. Mkubwa wetu, mama mmoja anaitwa Margaret, anashika kipande anakuambia: hapa ndipo walipoanza kumwaga mbolea kwenye malisho, hapa moshi wa viwanda ulizidi. Ukiliangalia bwawa lenyewe, maji yanang'aa na bata wanaogelea. Huko chini limeweka kila kitu walicholitendea.

Siku ya kwanza nililishika lile tope kwa mkono mtupu. Nikwambie ukweli, nililipenda. Lilikuwa baridi na laini kama ugali wa wimbi uliopoa, na moyo wangu ukaenda nyumbani. Margaret akanipigia kelele nivae glavu. Nilisimama pale nimeona aibu, na sikujua ni aibu ya nini. Mtu amefanywa mwanaume kwa matope, leo anaambiwa matope asiyaguse.

Basi ujumbe wako ulipokuja nikamuuliza kuhusu bwawa letu. Akataka kujua limezungukwa na nini. Nikamwambia mahindi pande zote, mbolea ya kupandia na ya kuongezea, dawa ya viwavi, dawa ya magugu, tangu tukiwa watoto, na mvua ikinyesha yote yanateremka humo pamoja na udongo. Akasema kwa maneno tu hawezi kujua, lazima tope lipimwe. Nikamweleza kwamba ni la kumpaka mtoto mwili mzima, kisha atahiriwe. Akasema, "Huenda halina shida yoyote. Lakini wangu nisingempaka." Sasa Barasa, hilo ni jibu gani? Aliyelisomea hajui, mimi dereva wa mashua ndiye nijue?

Nikampigia mke wangu kibandani kwake, hapo mtaani Tuwan. Unajua Nasimiyu alishashinda vita moja, ile ya kuleta mtu wa kliniki na wembe mpya badala ya kisu. Hiyo ya matope hataki hata kuisikia. "Yaani daktari avae glavu, na mtoto avae uchafu?" akaniuliza. "Mimi nilizaa kijana mmoja tu. Mpelekeni hosi, akatwe, arudi alale. Kwani ni lazima watu waone?"

Nikampigia Mama. "Ati matope iko na sumu? Si wewe na Barasa mulipakwa? Nani alikufa? Na siku hizi iko karibu, hata mtu hasumbuki kuingia ndani!" Nilicheka na sikupaswa kucheka. Halafu akapunguza sauti, na Mama akipunguza sauti unajua kuna neno: "Baba yenu alisema vijana wa hii boma watatoka kwa hii maji. Bumula ni kwa babu yenu. Hapa ndio kwetu." Hilo lilinichoma. Kwa sababu tukimpeleka mtoto Bumula, ni kama tumekubali kwamba kile baba alichokihamia kimekufa. Na hata huko Bumula, kijito kinapita chini ya miwa. Wenye miwa wananyunyiza nini? Sijui. Asubuhi nasema Bumula, saa sita nasema nyumbani, jioni nakubaliana na Nasimiyu. Ndugu yangu, nimechanganyikiwa, na kila ninayemuuliza ananiongezea.

Mwishowe nikamwomba Mama niongee na Wafula mwenyewe. Sauti yake imebadilika, ilibidi nimuulize mara mbili kama ni yeye. Nikamweleza yote, mbolea, dawa, bomba la watafiti. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema, "Baba, nimeshapiga njuga za kualika kwa watu wote, mpaka kwa mjomba. Nikienda hosi tu, huku shule wataniita mwoga. Na si wewe ulipakwa?" Nikamwambia ndiyo. "Basi," akasema, akampa bibi yake simu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mtoto ameshayavulia.

Tangu siku hiyo nakumbuka alfajiri yangu mimi. Nilikuwa natetemeka, kaka. Hukujua, maana wewe ulikuwa umenitangulia kwa miaka na ulikuwa mbele ukiimba. Baba mdogo alipoanza kunipaka, kifuani, mgongoni, usoni, ile baridi iliingia mpaka mifupani, na kutetemeka kukaisha. Au hakukuisha, ila matope yaliganda juu yangu na watu hawakuona nikitetemeka. Mpaka leo sijui nilikuwa jasiri ama nilifunikwa. Ndiyo sababu naogopa kumvua mwanangu kitu ambacho pengine ndicho kilichonisimamisha. Na naogopa vilevile kumvisha.

Ningekuja nimshike mkono mwenyewe. Lakini mkataba unaisha Septemba, na nikiondoka kabla, hawatanirudisha. Inaniuma, na sitaki uniambie pole.

Msalimie Mama, umwambie sijaacha mila, nimeuliza tu. Msalimie baba mdogo wa Bumula, yeye ndiye anayesimama mahali pa mzee wetu. Shemeji, mke wako, mwambie nakumbuka chapati zake. Mjomba wa Wafula aliyeahidi fahali mwambie asibadilishe mawazo, angalau yeye. Na Nasimiyu msikae mkimteta huko nyuma. Anachokiogopa ndicho ninachokiogopa.

Sasa jibu lako. Mpakeni hapo hapo nyumbani, kama Mama anavyotaka. Ila mkono utakaompaka uwe wako, usiwe wa mtu mwingine yeyote. Chimba kwenye ukingo wa juu, mbali na ule utando wa kijani. Na kabla hujamgusa mtoto, jipake wewe kwanza, kutoka vidoleni mpaka begani, usimame hivyo kwa muda. Najua hicho si kipimo, Margaret angenicheka. Lakini ndicho nilicho nacho. Ngozi yako ikikataa, ikaanza kuwasha, usimpake, na kama umeshampaka mwoshe hapo hapo, watu wote wakiangalia, na useme kwa sauti kubwa kwamba ni baba yake amekataza. Wacha waniite mimi mwoga, lakini yeye wasimwite.

Mdogo wako anayekutegemea,
Wekesa