Mama Akisindikiza Mgeni

3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Hujambo? Mimi mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri. Kazi ipo, watu hawajaacha kuchakaza viatu.

Jana mteja alileta raba nimshonee, akanitazama, akaangua kicheko. "Kumbe wewe ndiye yule baba fundi viatu anayeshikilia mlango mama akisindikiza mgeni!" Alikusikia jukwaani ukichekesha watu. Akanisimulia yote: mama yako anavyoaga kwenye kiti, akaaga mlangoni, akaaga getini, na huko getini ndiko habari kamili zinakoanza. Akaondoka akisema, "Msalimie mama." Nikajibu, "Zimefika."

Chiriku, mama yako ana miezi minne kaburini. Hao watu hujawaambia?

Baba yako

12 Machi

Baba, shikamoo.

Nami mzima. Nakula, nalala.

Sijawaambia. Nikisimama pale namzungumzia kana kwamba yuko jikoni. Wanacheka, nami sisikii kitu, si furaha, si uchungu. Hata msibani sikulia, uliniona. Nilikuwa napanga viti.

Jumamosi tarehe 22 nina ukumbi mkubwa, na wote wanataka kisa cha mama na mgeni. Niseme, au nimwache hai? Ni mkeo, siwezi kuamua peke yangu. Nijibu kabla ya Jumamosi.

Mwanao

24 Machi

Baba, shikamoo. Naomba kimya chako kisiwe ugonjwa.

Nilingoja barua hadi Jumamosi mchana. Jukwaani, kisa kilipofika getini, nikakikatisha. Nikasema, "Mama amefariki."

Baba, walicheka. Walidhani ndio utani wenyewe. Nikanyamaza, wakazidi, maana mchekeshaji akinyamaza watu hudhani kubwa zaidi linakuja. Nikarudia: "Mwezi wa kumi na moja. Alijilaza mchana, hakuamka. Mtu wa kuaga mara saba, sisi hakutuaga hata mara moja." Mstari wa mbele ukanyamaza, kisha wa pili, mpaka nyuma kabisa.

Nikamalizia dakika zangu kwa habari za majirani. Walipiga makofi. Nikarudi kwangu, nikapiga nguo pasi.

Nimekukosea?

Mwanao

2 Aprili

Marahaba, mwanangu. Siumwi, na hujanikosea.

Jibu nililiandika tangu tarehe 17. Nilisema, "Mwache hai." Kisha nikaona haya kulituma, maana nilikuwa najiombea mwenyewe. Kila mteja akisema nimsalimie mama, mimi huwa mume wa mtu kwa dakika mbili. Barua ikabaki mfukoni mwa aproni hadi jasho likafuta wino.

Leo kaja mwanamke nisiyemjua, kisigino cha kiatu kimeng'oka. Akasema, "Pole, mzee." Nikamwuliza, "Pole ya nini?" Nilijua. Nilitaka aniambie.

Akaniambia: alikuwa ukumbini, alisikia mke wangu amefariki. Nikalia, Chiriku, kiatu chake mkononi. Naye akakaa kwenye benchi, mguu mmoja peku, akangoja.

Baba yako