Chupa ya Mukojo ya Exaucée

Lundi, tarehe 6 mwezi wa kumi

Mpaka ya Kasumbalesa inasimama juu yangu. Siku nikikosa kufika, Lubumbashi haitakula bukari, ugali yetu. Sijisifu, ninaandika tu kile kiko. Mwaka ya ile foleni kubwa – kilometa makumi mbili ya malori – nilikohoa mara moja tu, malori arobaini ikapita. Mukubwa moja ya douane, ya ushuru ya mpaka, aliniuliza: Papa Katongo, kifua hii ulikamata wapi? Nikamujibu: ku baba.

Na leo, muntu kama mimi, nilitumwa na mukojo.

Exaucée, mutoto ya dada yangu marehemu, iko na mimba ya miezi sita. Anakaa Kasungami kwa mama-mukwe yake, Mama Marie-Thérèse. Bwana yake Guelor anafanya kazi Mitwaba, huu ni mwezi ya tatu hajarudia. Ku kliniki balimuambia apeleke mukojo ya asubuhi ku labo ya mujini. Miguu yake imevimba, kupanda moto, pikipiki, inamutikisa. Nikasema: leta hapa. Muyomba yako iko na moto, na laborantin Constantin ni rafiki yangu ya damu. (Constantin alinisalimia mara mbili. Lakini ule hasalimie kila muntu.)

Saa mbili asubuhi Exaucée alinipa kichupa ya mufuniko nyekundu, ndani ya sachet nyeusi. Akanikaririsha vile mama infirmière, muuguzi ya kliniki, alimufundisha – alijisafisha kwanza, akaacha mukojo ya mwanzo iende, akakamata ya katikati. Ifike ndani ya saa moja tu. Isikae ku jua.

– Tonton, usisimame njiani kuhadisia bantu.

– Mutoto, mi nilibebaka bintu ya hatari kuliko hii.

Nilisimama kwa Musonda, mwenye kuuza kinywaji ya munkoyo. Kidogo tu. Bantu bananiuliza habari ya mpaka, nitakatala namna gani?

Chupa ilifika labo saa tano. Ilifika imejaa, mufuniko juu. Namna ilifika, ile ni mambo yangu.

Mardi, tarehe 7

Nilienda kuchukua karatasi. Constantin hakunipa tu kama bantu bengine, alitoka nyuma ya dirisha yake. Akauliza: huyu Exaucée ni nani yako? Nikamuambia. Akaweka kidole pale: globules de pus, chembe ya usaha, 35 mpaka 40. Pembeni balikuwa baliandika ya kawaida: 0 mpaka 5.

Nikamuambia nilishaelewa, lakini afasirie tena, juu ya bantu bengine bale banakaa ku banc, nabo basikie.

Akasema hivi. Banaweka mukojo ku machine ya kuzungusha, banakamata ile yenye kubaki chini, tone moja inaenda chini ya mikroskopi. Banahesabu zile chembe kila mahali jicho inaona. Chembe ya usaha ni globules nyeupe za damu, zile zinalinda mwili. Mbili, tatu, ata tano – si kitu, kila muntu iko nazo. Makumi tatu na tano – kuna vita mahali fulani ku njia ya mukojo.

Nikasema: ni baaskari.

– Ukipenda, Papa. Lakini ukiona baaskari mu barabara, haujajua bado adui ni nani. Anaweza kuwa microbe. Anaweza kuwa jiwe ku figo. Kwa bamama, ata kukamata mukojo mubaya inaweza kuongeza hesabu. Ile karatasi haisemi ugonjwa ilitoka wapi. Haisemi kabisa nani aliileta. Kujua microbe tunafanya culture, tunaiotesha, siku tatu.

Kisha akakamata karatasi tena, akaiangalia muda.

– Mama ya mimba, huwa tunapata chembe ya ngozi mingi ndani. Huyu hana ata moja. Alikamata muzuri ajabu.

– Mu famille yetu tunafundishwa usafi, nikasema.

Nikatoka. Kulikuwa joto mingi pale ndani.

Ya mukojo, ningeweza kumufundisha ata yeye. Nilikuwa na miaka makumi mbili, docteur moja mukubwa aliweka mukojo yangu mu glasi, akaisimamisha mbele ya gazeti, akasoma ukurasa muzima kupitia pale. Akaita docteur mwenzake aje kuona.

Siku hizi inaniunguza kidogo nikienda choo. Wiki tatu sasa. Ni pilipili ya Kasumbalesa. Bibi yangu ya ndoa, Cathy, anasema nipime. Nilimuambia mwanaume anapima barabara, hapimi mukojo.

Mercredi, tarehe 8

Nilipeleka karatasi Kasungami.

Nilifikiri kumupa Exaucée mu mukono. Lakini nilikuta Mama Marie-Thérèse na majirani babili banachambua matembele mu kiwanja, banapisha kiti, banasema Tonton ametoka ku labo, atuambie. Mi siwezi kukaa na elimu ndani ya mufuko.

Nikasoma. Makumi tatu na tano mpaka makumi ine. Nikafasiria mikroskopi, nikafasiria baaskari. Jirani moja aliacha ata matembele.

Mama Marie-Thérèse akauliza pole pole:

– Usaha hiyo inatokaka wapi?

Hapo ningesema kile Constantin alisema. Badala yake nilihadisia ya bashofere ya Kasumbalesa. Vile banalala siku kumi mu foleni, vile bamama ya parking banawatembelea, vile kisha banakojoa usaha na kulia kama batoto. Nilisema nilishaona moja alishika muti kwa mikono mbili. Ni hadisi yangu muzuri, bantu banachekaka.

Hakuna muntu alicheka.

Mama Marie-Thérèse akakunja kitambaa yake, mara moja, mara mbili.

– Mutoto yangu iko Mitwaba mwezi ya tatu. Basi nani aliniletea usaha hapa mu nyumba?

Exaucée alikuwa anasimama ku mulango na sinia mu mukono. Hakulia. Aliniangalia mimi.

Nikasema ile ya bashofere ni ya bashofere. Mama akasema: asante Tonton, tumesikia. Akakamata telefone, akaingia ndani kuita ofisi ya kazi ya Guelor, bamupe habari ku radio.

Jeudi, tarehe 9

Exaucée alinipigia. Alirudia kliniki na karatasi. Infirmière alimuambia asiogope, njia ya mukojo ya mama ya mimba inakamataka maambukizo bila mwanaume yeyote, mutoto anakandamiza pale chini, mukojo inachelewa kutoka. Lakini mambo hiyo haiachwe, inaweza kupanda ku figo, inaweza kuleta utungu mbele ya wakati. Akamuuliza: inakuunguza? Hapana. Homa? Hapana. Maumivu ku mugongo? Hapana. Infirmière akashangaa, hesabu kubwa na mwili kimya. Akasema apime tena mbele ya kunywa dawa yoyote, na culture.

Yeye aliniuliza mimi, vile niko muntu ya kujua: Tonton, unafikiri nini?

Nikamuambia mambo ya labo ni marefu.

Mama Marie-Thérèse ameshatoa valise ya Exaucée, sanduku yake ya nguo, ameiweka ku mulango. Guelor iko njiani na lori.

Leo imeniunguza asubuhi na mangaribi. Sikukula pilipili.

Vendredi, tarehe 10

Kikao kwa Mama Marie-Thérèse. Mimi njo niliongoza, juu mimi njo muyomba, dada yangu haiko tena, hakuna mwengine. Nilivaa veste, koti ya heshima.

Guelor alifika na vumbi ya Mitwaba ku nyusi. Kijana ya heshima. Alinisalimia na mikono mbili, hakuniangalia. Valise bado ku mulango, tuliiruka kuingia.

Nikasimama, nikasema muzuri kabisa: chembe ya usaha ni baaskari, na askari haonyeshi adui. Karatasi haisemi ilitoka wapi wala nani aliileta. Kila neno ya Constantin niliitoa.

– Tonton, juzi ulisema ingine, Mama Marie-Thérèse akasema. Juzi ilikuwa bashofere na bamama ya parking. Leo umekuwa docteur?

– Juzi nilikuwa ninahadisia.

– Basi leo njo hauhadisie?

Jirani ya matembele alikohoa. Hakuna muntu alimuita, alikuja mwenyewe.

Guelor akasema yeye hataki hadisi ya juzi wala ya leo. Anataka kujua kitu moja: akirudia Mitwaba, anaacha hapa bibi yake ao anaacha bibi ya muntu mwengine. Alisema bila hasira. Hiyo njo ilinigonga.

Exaucée akazungumuza kwa mara ya kwanza. Infirmière alisema kupima tena, tupime tena. Kesho. Chupa iko tayari.

– Na nani atabeba? mama-mukwe akauliza. Juu bantu banabadilishaka mukojo, nilisikia.

Niliangalia kiatu yangu. Kamba ilikuwa imefungwa, nikaifunga tena.

– Tonton atabeba, Exaucée akasema. Pa hii kiwanja yeye njo muntu moja tu hajaniuliza kama nilikosea bwana yangu. Guelor amufuate ku moto. Mi ninamuamini Tonton.

Bote balisema iko sawa. Guelor alisema iko sawa. Nikapiga kifua, nikasema: chupa kwa Katongo ni kama feza ku banki.

Nilirudia nyumbani bila kuonja bukari yao. Cathy aliniuliza kama kikao ilienda muzuri. Nilimuambia niliongoza.

Samedi, tarehe 11

Ninaandika niko labo. Niko peke yangu kwa sasa.

Leo hatukusimama. Musonda alisimamisha mukono ku barabara, sikupunguza moto. Guelor nyuma yangu kama polisi, chupa ndani ya veste yangu, ninasikia vuguvugu yake ku mbavu. Dakika makumi tatu na tano. Constantin aliipokea mikononi mwangu, akaandika saa.

Tukakaa ku banc. Guelor akaniambia Mitwaba haiko na reseau ya telefone, anapanda kilima kumuita bibi yake kila dimanche, siku ya misa, na alikuwa anafikiri siku moja atapanda na hakuna muntu atajibu.

Constantin akatoka.

– Mbili mpaka tatu. Hakuna vita. Culture tutaifanya, lakini mi ningemuambia mama alale vizuri.

Guelor alifunika uso na mikono. Kisha akaitoa, akawa mwengine. Basi ile ya lundi ilikuwa nini? Ni ninyi mulichanganya? Munajua mama yangu aliweka valise ya bibi yangu ku mulango? Nani mukubwa hapa?

Constantin hakupandisha sauti. Akasema bila dawa, makumi ine haishuki kuwa mbili mu siku tano namna hiyo. Na ya leo iko na chembe ya ngozi kama ya bamama bote, ya lundi haikuwa na moja. Hizi si mukojo ya muntu moja. Ao labo ilichanganya, na hapo yeye atapoteza kazi, ao ilichanganywa mbele ya kufika. Akasema hivi akiangalia Guelor. Kisha akaniangalia mimi, na akaacha macho pale.

Guelor akatoka inje kuita mama yake na kutafuta mukubwa wa labo. Constantin akafungua mutiro, droo ya meza, akatoa kichupa tupu, mufuniko nyekundu, akaniwekea mu mukono.

– Papa Katongo, choo iko nyuma. Ya mwanzo uiache iende.

Niko choo. Ninakaa juu ya ndoo, daftari ku goti.

Kwa Musonda, lundi, niliweka sachet ku meza pembeni ya munkoyo. Nilisimama kuonyesha namna nilinyanyua kichwa ya lori na mabega. Nikatupa mukono. Chupa ilianguka, mufuniko ikapasuka, yote ikaenda ku vumbi. Bantu balicheka. Kurudia Kasungami kumuambia mutoto wa dada yangu akojoe tena – mimi, Katongo? Musonda alinitafutia mufuniko ingine. Nikaenda nyuma ya ukuta.

Ile usaha makumi ine ni yangu. Baaskari ni bangu. Exaucée hana kitu, hakuwa nacho.

Guelor amerudia ku mulango. Ninasikia anamuambia mukubwa wa labo: Constantin ni mulevi. Constantin anajibu pole pole: tungojee Papa atoke.

– Tonton, Guelor anaita. Toka uwaambie. Weye njo ulibeba, weye njo unajua.

Nilisema ninakuya. Nimeshika kichupa hii tangu wakati Guelor alitoka inje. Lundi pia, nyuma ya ukuta ya Musonda, ilikuwa hivi hivi, na sikuandika: muntu mwenye kupitisha malori arobaini na kikohozi, nilikaa pale nusu saa, tone kwa tone, ninauma mukono ya veste juu inaunguza.

Na sasa haitoki ata tone.