Giboni Aliyenuniwa na Mkewe

Mama Zuhura, salamu zikufikie huko Mombasa, hata kama bado umeninunia kwa vile nimekuja Guangzhou na magoti yangu mabovu. Simu zangu hupokei, basi soma kadi.

Leo nimeona giboni kwenye bustani ya wanyama: kama nyani, lakini hana mkia, na ana mikono mirefu kuliko ulimi wa dada yako. Bwana akaimba, bibi kampa mgongo, kimya. Nikamwambia, “Mzee mwenzangu, nawe umenuniwa?” Akaimba tena bila haya. Mara bibi akaitikia kwa sauti iliyotikisa miwani yangu, wakaimba pamoja.

Mwezi ujao nitapiga hodi mlangoni kwako, na nitarudia bila haya. Wewe itikia tu, hata kwa matusi.

Ni mimi mumeo, ninayetembea na mkoba mwekundu begani, ule niliokununulia, Wachina wakinicheka.